Mama Beldina na Watoto Wasiosema

Kila asubuhi, kabla hata ya kuweka mkoba wake mezani, Mama Beldina Awuor aligeuza benchi. Lilikuwa benchi refu la mbao kwenye veranda ya mahakama, na wafagiaji waliliacha kila jioni likiutazama mlango wa chuma wa selo ya mahabusu. Alilisukuma upande mmoja kwa goti, akazunguka, akalivuta upande wa pili, mpaka likatazama ua, mahali penye mpera na kuku wa askari. Kisha akajifuta mikono kwa leso na kuingia ndani. Kesho yake benchi lilikuwa limerudi palepale, naye akaligeuza tena. Kwa miezi minne niliyomtazama sikumsikia akimlalamikia mtu.

Jambo hilo nililiandika kwenye daftari langu mwezi wa Juni, mwaka wa 1995, na chini yake nikaandika: "Mazoea tu." Nilijua si mazoea tu. Kijitabu cha mafunzo nilichokuwa nimekitunga kilikuwa na ukurasa mzima juu ya mahali pa kumketisha mtoto anapoletwa mahakamani, urefu wa kiti, mwanga wa dirisha, rangi ya ukuta. Mlango wa selo sikuwa nimeufikiria.

Mama Beldina alikuwa mkalimani. Alizaliwa upande wa Kombewa, akasoma mpaka kidato cha pili, akaajiriwa mahakamani kupiga taipu. Mwaka wa 1979 mkalimani wa Kijaluo aliugua, hakimu wa siku hizo akamwita aje asaidie asubuhi ile moja, na hakurudi tena kwenye taipu. Mama yake alikuwa Mnyore, kwa hiyo Kijaluo na Kinyore, lugha za pande zote mbili za barabara ya Maseno, zilikuwa zake. Mumewe alikuwa amefariki. Binti zake wawili walikuwa wameolewa. Alivaa sweta ya kijivu hata jua la Kisumu lilipokuwa likichoma mabati.

Kazi ya mkalimani ina sheria moja ambayo wageni huishangaa. Hasemi "mtoto anasema alipigwa." Husema "nilipigwa." Anachosema shahidi, mkalimani hukitoa kama chake. Kwa miaka kumi na sita, basi, mwanamke huyu alikuwa amesimama kando ya watoto wa watu na kusema kwa sauti yake mwenyewe kwamba alifungiwa stoo, kwamba alinyimwa chakula, kwamba alichomwa na kijiko. Halafu saa saba alikwenda kula chakula cha mchana.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimesoma saikolojia, na shirika moja la watoto lililokuwa na ofisi juu ya duka la vitambaa liliniajiri kusaidia mradi mpya: kuwafundisha mahakimu, waendesha mashtaka, mawakili, makarani na maafisa wa watoto namna ya kumhudumia mtoto aliyeumizwa bila kumuumiza mara ya pili. Neno letu kubwa lilikuwa kiwewe, yaani jeraha linalobaki moyoni. Aliyesoma vitabu vyote juu ya kiwewe ni mimi. Aliyepaswa kusimama mbele ya watu na kukieleza ni mimi pia, ingawa nikisimama mbele ya watu zaidi ya watatu husoma karatasi yangu bila kuinua kichwa.

Semina ya kwanza ilifanyika mwezi wa Mei kwenye ukumbi wa kanisa. Nilikuja na wanasesere sita wa kitambaa tuliotumiwa na wafadhili, ili niwaonyeshe jinsi mtoto anavyoweza kueleza kwa mwanasesere jambo asiloweza kulisema kwa mdomo. Wanasesere wenyewe walikuwa na nywele za manjano na macho ya buluu.

Inspekta Gordon, mwendesha mashtaka, alimnyanyua mmoja kwa mguu. "Mwalimu, hii mtoto yako inafanana na sista wa misheni. Hata mimi nikiwekewa hii mbele yangu nanyamaza."

Ukumbi ukacheka. Nilicheka pia, kidogo. Ndipo Mheshimiwa Nabwire, hakimu wa mahakama ya watoto, mwanamke mpole asiyependa kelele, akasema kutoka safu ya mbele, "Bwana Wakhisi, kama mnataka kujua watoto huongea vipi, mwulizeni Mama Beldina. Yeye ndiye huongea nao."

Bwana Wakhisi alikuwa mkuu wangu, wakili aliyeacha uwakili. Aligeuka mara moja. Watu arobaini waligeuka. Mama Beldina, mkate wake ukiwa nusu mdomoni, alitikisa kichwa na kusema, "Mimi ni wa kutafsiri tu." Wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa kingine, kile ambacho watu humpa mtu wanayemwamini. Niliwakusanya wanasesere wangu mmoja mmoja na kuwarudisha kwenye boksi.

Wivu wangu ulianza hapo, na sitaupa jina zuri zaidi. Nilianza kuhesabu vitu vidogo. Hakimu alilijua jina la Mama Beldina na la binti zake, mimi aliniita binti wa shirika. Askari walimwamkia yeye kwanza. Akipita kwenye veranda, mtoto aliyekuwa amejikunyata aliinua kichwa. Nikipita mimi, mtoto yuleyule alijikunyata zaidi.

Mwezi wa Julai aliletwa Aoko, msichana wa miaka tisa kutoka mashamba ya mpunga ya Ahero. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamekufa, na alilelewa na Obiero, ndugu mdogo wa baba yake. Mwalimu wake wa shule aliona alama za kamba kwenye vifundo vya mikono yake miwili akatoa taarifa. Obiero hakukana kamba. Alisema mwezi wa Aprili mto ulipofurika na maji kuingia nyumbani, alimfunga mtoto kwenye nguzo asichukuliwe na maji, na kwamba vidonda vilichelewa kupona kwa sababu mtoto alivikuna. Watu wa Ahero waliokuja naye walitikisa vichwa kukubali. Kila mtu kule amewahi kufunga mtoto, mbuzi au sufuria maji yakija.

Kwa hiyo kesi yote ilikuwa kwenye mdomo wa Aoko. Akisema alifungwa wakati maji yamekwisha, angepelekwa kwa nyanya yake anayeuza mboga pale njia panda ya Mamboleo. Asiposema kitu, angerudi Ahero na Obiero.

Nilikaa na Aoko mara tatu katika chumba cha afisa wa watoto. Nilikaa kwenye kiti kifupi ili macho yetu yawe sawa. Nilimtazama machoni kwa upole. Nilimpa kalamu za rangi na karatasi. Nilisema, "Hapa unaweza kuniambia chochote." Mara ya kwanza aliitazama sakafu. Mara ya pili aliitazama sakafu. Mara ya tatu alimlaza kifudifudi mwanasesere niliyemletea, akaitazama sakafu.

Siku hiyo ya tatu nilitoka kwenda kuchukua kijitabu changu, na niliporudi chumbani Aoko hakuwepo; niliwaona nje kupitia dirisha. Mama Beldina alikuwa kwenye benchi lake na uteo mapajani, na kwenye uteo njugu zisizomenywa, zile alizoleta kutoka shamba lake. Aoko alikaa ubavuni pake. Hawakutazamana. Wote wawili walitazama kuku wa askari, na vidole vyao vilikuwa vikipasua maganda. Mama Beldina alisema neno, Aoko akajibu. Mama Beldina akasema tena. Aoko akacheka mpaka njugu moja ikaruka chini na kuku wakaigombania.

Sikusikia hata neno moja. Kioo kilikuwa kimefungwa. Nilisimama pale na kijitabu mkononi, na wazo langu la kwanza halikuwa la furaha kwa ajili ya mtoto. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba mkalimani haruhusiwi kumhoji shahidi kabla ya kesi.

Wiki iliyofuata tulikuwa na semina ya pili. Mada yangu iliitwa "Makosa tunayofanya bila kujua." Niliyataja makosa saba niliyokuwa nimeyapanga, kisha nikasikia mdomo wangu ukisema la nane.

"Mkalimani kumhoji mtoto juu ya kesi nje ya mahakama," nilisema, "hata kama ni kwa urafiki. Hata kama wanamenya njugu."

Kalamu zikasimama. Nyuma kabisa Inspekta Gordon aliguna. "Sasa Mwalimu, hizo njugu ni za wapi? Za Kombewa?" Wachache walicheka. Wengi walimtazama Mama Beldina. Yeye aliinamisha kichwa na kuandika kwenye daftari lake la mistari, kama alivyoandika yale saba ya kwanza. Na mimi, kwa kitambo kifupi, nilisikia utamu.

Kesi ya Aoko ilisikilizwa Agosti, siku ya Alhamisi. Jambo moja zuri semina zetu zilikuwa zimeleta: Mheshimiwa Nabwire hakuwapandisha watoto kizimbani tena. Aliwasikiliza ofisini mwake, bila joho, meza ikiwa na jagi la maji. Inspekta Gordon alikaa upande mmoja, Obiero na wakili wake, Bwana Amolo, upande wa pili. Bwana Wakhisi na mimi tulipewa viti karibu na kabati la mafaili. Aoko aliketi katikati, na Mama Beldina akasimama kando yake.

Bwana Amolo alinyanyuka kabla ya mtu kufungua mdomo. "Mheshimiwa, nina pingamizi. Mkalimani huyu amekuwa akimfundisha mtoto la kusema. Si maneno yangu. Ni maneno ya mtaalamu wao wenyewe, yule binti pale kwenye kabati. Aliyasema kwenye semina mimi nikiwepo, na tarehe ninayo."

Mheshimiwa alimgeukia Mama Beldina. "Umekaa na huyu mtoto nje?"

"Nimekaa naye, Mheshimiwa."

"Mmeongea juu ya kesi?"

"Hapana."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Kuku," alisema Mama Beldina.

Hakimu hakutabasamu. Alivua miwani yake akaiweka juu ya faili. "Mama, unajua mkalimani akishukiwa siwezi kuendelea naye."

"Najua, Mheshimiwa." Alimgusa Aoko begani kwa kidole kimoja, akatoka nje na kusimama mlangoni.

Akaitwa mkalimani mwingine, Opiyo, kutoka mahakama ya jirani, kijana aliyevaa tai, mwenye Kiingereza safi. Alikuwa amehudhuria semina zote mbili. Alivuta kiti kifupi, akakaa mbele ya Aoko, akamtazama machoni kwa upole, na kumwambia kwa Kijaluo kwamba hapa anaweza kusema chochote. Alifanya kila kitu nilichoandika, kwa mpangilio nilioupanga. Aoko aliitazama sakafu.

Hakimu aliuliza, Opiyo akatafsiri, Aoko akazidi kuinama. Hakimu aliuliza kwa njia nyingine, naye akavuta uzi kwenye sketi yake.

"Mheshimiwa," alisema Bwana Amolo, na hakusema kwa ukali, "mtoto hana malalamiko. Mlezi wake yuko hapa tangu asubuhi. Tunaomba aende naye nyumbani leo."

Obiero alisimama, kofia mkononi. Alikuwa mtu wa kawaida, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi. Aoko aliivuta mikono yake miwili ndani ya mikono ya sweta ya shule mpaka vidole vikapotea. Mheshimiwa Nabwire aliivaa miwani na kuchukua kalamu.

Sijui nilisimamaje. Kiti changu kiligonga kabati, mafaili mawili yakaanguka, na kila mtu alinitazama.

"Mheshimiwa, mimi," nilisema, nikiokota faili moja.

"Sema, binti wa shirika. Kwa sauti."

"Sikusikia."

"Hukusikia nini?"

"Sikuwasikia wakiongea. Nilikuwa dirishani, dirisha limefungwa. Niliona njugu tu."

Inspekta Gordon alikohoa kwenye ngumi yake. Bwana Wakhisi, kando yangu, alifunga daftari lake.

"Uliona njugu," alisema hakimu.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na nilimwona mtoto akicheka."

"Na kwa hayo mawili ukawafundisha watu arobaini kwamba mkalimani wangu humhoji shahidi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kwa nini?"

Nilitafuta jibu la kisomi. Nilikuwa nayo mengi. "Kwa sababu kwangu hakucheka," nilisema.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mheshimiwa aliandika mstari mmoja kwenye faili, kisha akasema niketi, na kwamba ataongea na shirika letu siku nyingine. Bwana Amolo alisimama tena na kusema shaka ikishaingia haiondoki kwa machozi ya mtu, ingawa sikuwa nikilia bado. Hakimu alikubali kwamba shaka imeingia. Opiyo ataendelea kutafsiri, alisema. Lakini Mama Beldina ataketi kando ya mtoto, bila kutamka neno, na kama akifungua mdomo hata kwa kupiga chafya, kesi itaahirishwa.

Mama Beldina alirudi akaketi. Hakumtazama Aoko. Alitazama dirishani, kama mtu anayengojea mvua. Opiyo alikuwa mwerevu kuliko mimi: aliwaangalia wale wawili, akainuka, akakitoa kiti chake mbele ya mtoto na kukiweka pembeni, nyuma kidogo ya bega lake. Sasa Aoko hakuwa na mtu mbele yake ila jagi la maji.

Aoko alianza kusema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea.

"Nilikuwa nafukuza ndege kwenye mpunga," alisema Opiyo kwa Kiingereza, kwa nafsi ya kwanza kama sheria inavyotaka. "Nililala, ndege wakala. Baba mdogo akanifunga kwenye nguzo ya jikoni."

"Maji yalikuwepo?" aliuliza hakimu.

"Hapana. Ardhi ilikuwa imepasuka. Mpunga ulikuwa umeiva."

Aliendelea mpaka mwisho, na mara mbili Opiyo aliomba aruhusiwe kunywa maji. Mama Beldina hakugeuza shingo yake hata mara moja, lakini niliiona midomo yake ikisogea kidogo, bila sauti, katika nafsi ya kwanza. Hakimu naye aliiona, nadhani. Aliendelea kuandika.

Aoko alipelekwa kwa nyanya yake Mamboleo, afisa wa watoto akipewa amri ya kuwatembelea kila mwezi. Obiero aliondoka bila kumtazama mtu. Bwana Amolo alinipa mkono mlangoni, jambo lililoniumiza zaidi.

Nilidhani Bwana Wakhisi angenifukuza. Alingoja mpaka Jumatatu, akaniita. "Kijitabu kinaandikwa upya," alisema. "Na semina ya Oktoba atafundisha Mama Beldina. Saa nzima. Wewe utamsaidia kupanga maneno."

Na mnajua, ule wivu ulikuwa haujafa. Uliamka palepale, mbele ya meza yake, mbichi kabisa. Saa nzima! Mimi nilipewa dakika arobaini.

Nilimkuta kwenye chumba cha wakalimani saa ya chakula. Alikuwa na muhogo wa kuchemsha kwenye kitambaa, na chai ya rangi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha tangu Alhamisi. Niliyasema yote nikiitazama sakafu.

"Zeituni, nyathina," alisema, akaniita mtoto wake, "kaa. Siku ile nilikaa kesi nzima bila kufanya kazi. Tangu sabini na tisa sijapumzika hivyo." Akanimegea muhogo. Halafu akasema kwa sauti nyingine, bila mzaha, "Lakini kama yule mtoto angerudi Ahero, nisingekumegea."

"Najua, Mama."

Nilimweleza habari ya Oktoba. Alikataa kabla sijamaliza. "Nisimame mbele ya mapolisi niwaambie nini? Gordon atanicheka mpaka Krismasi."

"Waambie unachofanya."

"Sifanyi kitu."

Nilifungua daftari langu kwenye ukurasa mpya. Katika miezi yote ile nilikuwa nimemtazama, nimemhesabia, nimemwandika, nimemshtaki, na sikuwa nimemwuliza swali hata moja. Nililiuliza sasa, na sauti yangu haikuwa ya mtafiti.

"Mama, unawafanya nini hawa watoto, mpaka wanakupenda hivyo?"

Alitafuna, akameza, akanywa chai.

"Hawanipendi. Wengi hata jina langu hawajui," alisema. "Mimi nawaonyesha choo kiko wapi, na nawaambia tutamaliza saa ngapi."